Laxton: kijiji cha Uingereza ambacho bado kinalima kwa ngwe

Mwishoni mwa Novemba, mkoa wa Nottinghamshire ukiwa umeshaingia ukungu na matope, kundi la wakulima hupanda tela la trekta wakiwa na nyundo na mzigo wa vigingi vya mti. Wanakwenda kwenye konde ambalo ngano yake imeshachipua. Wakifika hushuka, hutembea pembezoni, hutazama kila mahali ngwe ya mtu inapopakana na njia ya shambani. Kama plau ya mtu imekula njia, hata kwa nusu hatua, inaandikwa. Kisha mmoja anashika kigingi, mwingine anapiga nyundo, na mpaka unarudishwa palipokuwa.

Wakaguzi hao ni wanakijiji wenyewe. Jirani anamkagua jirani, na mwaka mwingine anaweza kukaguliwa yeye.

Kijiji chenyewe ni Laxton, makazi ya watu mia chache kaskazini-magharibi ya mji wa Newark, upande wa mashariki wa msitu wa Sherwood. Ukipewa orodha ya vitu vya kutazama huko hutashtuka: kanisa la mawe, kilima cha ngome ya zamani, baa moja, nyumba za matofali mekundu. Uingereza ina maelfu ya vijiji vya namna hiyo. Kinachoitenga Laxton kiko nje ya nyumba, na mgeni anaweza kusimama katikati yake asikione: makonde matatu makubwa yasiyo na ua, jumla yake ekari 480 hivi, yaliyogawanywa ngwe kwa ngwe na kulimwa kwa taratibu zilizokuwa za kawaida katika sehemu kubwa ya nchi hiyo zama za kati, kisha zikafutika karibu kila mahali. Mimi naona huwezi kuielewa ngome, kanisa wala baa ya Laxton kabla hujayaelewa makonde hayo. Kwa hiyo tuanzie shambani.

Makonde yana majina: West Field, South Field na Mill Field. Ndani ya kila moja kuna vipande virefu vyembamba, na vipande vya mkulima mmoja havikai pamoja. Kimoja kiko hapa, kingine ng'ambo ya njia, cha tatu chini bondeni, na vingine katika makonde mawili yaliyobaki. Kati ya ngwe ya huyu na ngwe ya yule hakuna waya, hakuna mawe, hakuna mstari wa minyaa. Kuna mfereji tu ulioachwa na plau. Wakulima hao wana pia mashamba ya kawaida yenye ua kwingineko kijijini, lakini ngwe ndizo zinazowafunga pamoja.

Kwa nini mtu akubali kuwa na shamba lililotapakaa hivyo? Swali hili limewasumbua wanahistoria muda mrefu, na majibu yao hayafanani. Wapo wanaosema kulima kulikuwa kazi ya ushirika: huyu alitoa maksai wawili, yule wawili, mwingine plau, na ardhi iliyofunguliwa ikagawanywa kwa zamu ili kila aliyechangia apate chake. Wapo wanaotaja urithi, baba akigawa kila kipande kwa watoto wake hadi vipande vikawa vingi. Mwanauchumi Deirdre McCloskey alitoa hoja kwamba mtawanyiko ulikuwa bima: mvua ikizidi, bonde linaoza lakini mgongo wa kilima unazaa; ikipungua, bonde linaokoa. Ukiutazama udongo wa Laxton, mfinyanzi mzito wenye wekundu unaogandamana buti, hoja ya bima inaeleweka haraka. Hakuna mkulima aliyetaka kuachiwa bonde peke yake.

Umbo la ngwe nalo lina sababu. Kugeuza jozi kadhaa za maksai waliofungwa nira moja ni shughuli, kwa hiyo mlimaji alipenda kwenda mbali kabla ya kugeuka. Hapo ndipo kilipozaliwa kipimo tunachokitumia sisi kila siku. Ekari ya Kiingereza ilifikiriwa kama kazi ya siku moja ya kundi la maksai, ikaja kuwekwa rasmi kuwa yadi 220 kwa yadi 22, yaani mita 200 hivi kwa urefu na 20 kwa upana. Mtu wa Morogoro au Mbeya anayenunua shamba na kupimiwa hatua 70 kwa 70 anapewa ekari ileile, ila imekunjwa ikawa mraba. Neno limetufikia, umbo limebaki kwao.

Sasa, mtu mwenye ngwe katikati ya ngwe za wenzake hawezi kupanda anachotaka wakati anaotaka. Hili ndilo fundo la mfumo mzima. Konde moja linapandwa ngano kabla ya baridi, la pili linapandwa mazao ya kipindi cha kuchipua kama shayiri au maharage, la tatu linapumzishwa. Mwaka unaofuata wanahama hatua moja, na baada ya miaka mitatu kila konde limepita hali zote tatu. Zamani konde lililopumzishwa lilifunguliwa kwa mifugo ya kijiji, ikala magugu na kuacha samadi. Siku hizi mara nyingi hupandwa majani ya malisho. Enzi hizo, ukichelewa kuvuna, mifugo ya wenzako ilikuwa inangoja mlangoni. Ukiamua kupanda ngano kwenye konde lililo mapumziko, ingeliwa. Ratiba ni ya kijiji, na jasho ni la kila mtu katika ngwe zake.

Kuna pia sehemu ambazo plau haiingii. Katika mabonde yenye majimaji na kwenye kingo ambako kugeuza plau kulikuwa tabu, Laxton imeacha vipande vya nyasi viitwavyo sykes. Kwa kuwa havikulimwa wala kumwagiwa mbolea za kiwandani kama mashamba mengine, vimehifadhi maua ya porini yaliyotoweka katika sehemu kubwa ya mashamba ya Uingereza, na leo vinalindwa kisheria kwa sababu hiyo. Kila kiangazi haki ya kukata nyasi zake kwa ajili ya mifugo huuzwa kwa mnada, na kwa desturi ya kale fedha hizo ziligawanywa kwa wenye haki ya malisho kijijini.

Utaratibu huu una umri gani? Hati ya kwanza iliyo wazi ni ile sensa ya ardhi ya mwaka 1086, Mfalme William alipotuma watu kuandika kila kijiji cha Uingereza aliyoiteka miaka 20 nyuma. Kwa Laxton waliandika kwamba ardhi ilikuwa ya Tochi mwana wa Outi, na sasa iko mikononi mwa Mnorman, yaani mmoja wa watu wa William kutoka kaskazini mwa Ufaransa, Geoffrey Alselin, kupitia mtu wake Walter. Waliandika wakulima 22 wenye ardhi, wengine 7 wenye vipande vidogo, watumwa 5, na mtumwa mmoja wa kike. Thamani ya kijiji ilikuwa pauni 9 kabla ya uvamizi. Sasa ni pauni 6. Mistari michache tu, lakini ndani yake kuna nchi iliyotekwa: mwenyeji kaondolewa, thamani imeshuka, na mwanamke mmoja amehesabiwa bila kutajwa jina.

Wanorman hao ndio waliojenga ngome. Kaskazini mwa kijiji, nyuma ya nyumba, kuna kilima kilichorundikwa kwa mikono, na chini yake viwanja vilivyozungushiwa tuta na handaki. Haikuwa ngome ya fahari ya mawe tunayoiona kwenye picha za watalii. Leo ni nyasi na kondoo, ila mistari ya udongo bado iko wazi, na inahesabiwa kati ya mabaki bora ya ngome za aina hiyo katika mkoa mzima. Waliokaa hapo, familia ya de Caux na baadaye ya Everingham, walikuwa walinzi wa misitu ya mfalme ya Nottinghamshire na Derbyshire. Ndiyo maana kijiji kidogo hivi kilikuwa na ngome kubwa: mlinzi wa msitu wa Sherwood alikuwa na mamlaka juu ya nyama na kuni za watu wengi mno.

Kisha inakuja ramani, na hapa naomba tukae kidogo. Mwaka 1635 kijiji kilikuwa mali ya Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyejitajirisha kwa vitambaa na meli, na ambaye fedha zake zilisimamisha makazi ya kwanza ya Waingereza katika kisiwa cha Barbados. Courten alitaka kujua alichonunua. Akamwajiri mpima ardhi, Mark Pierce, naye akachora Laxton yote, ngwe moja moja, katika karatasi tisa, pamoja na kitabu kilichoorodhesha kila kipande na aliyekishika. Ngwe za makonde zilizidi 2,000. Pierce hakuishia kwenye mistari. Ndani ya makonde alichora watu wadogo wadogo: huyu anafuata plau, wale wanavuna, wengine wanawinda. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na kwa sababu yake tunaweza kuweka kidole juu ya kipande cha ardhi na kusema nani alikilima karibu miaka 400 iliyopita, na jirani yake wa kulia na wa kushoto. Wakulima wa kawaida wa karne ya 17 hawakuacha barua wala picha. Hawa waliacha ngwe zao.

Swali linalofuata ndilo gumu zaidi: kama utaratibu huu ulienea hivyo, umekwenda wapi?

Ulifungwa kwa ua. Matajiri wenye ardhi, na wakulima wakubwa pia, waliona ngwe zilizotawanyika zinapoteza muda, zinamzuia mtu mwenye akili mpya, na zinafanya mifugo ichanganyike na kuambukizana magonjwa. Suluhisho lao lilikuwa kukusanya ngwe za kila mtu zikawa shamba moja, kulizungushia ua, na kuondoa haki za pamoja za malisho. Pale wenye ardhi waliposhindwa kuelewana wao kwa wao, walikwenda Bungeni. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zikagusa ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England. Mazao yaliongezeka katika sehemu nyingi. Hilo halina budi kukubaliwa. Lakini mtu aliyekuwa na kibanda, ng'ombe mmoja na haki ya kumlisha kwenye malisho ya wote aliamka siku moja ana kibanda na ng'ombe, hana pa kumlisha. Akamuuza ng'ombe, akawa kibarua. Msomaji wa Kenya atakuwa ameshakumbuka Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni ambao kwa hoja zinazofanana sana ulikusanya vishamba vilivyotawanyika vya Mkoa wa Kati na kutoa hati miliki. Hoja hizo zilikuwa zimeshatumika karne kadhaa huko Uingereza kabla ya kuvuka bahari.

Laxton iliponea wapi? Jibu la kweli halina ushujaa ndani yake. Sehemu za kijiji zilifungwa ua mapema, na makonde yangefungwa pia. Ila karne ya 18 na sehemu kubwa ya karne ya 19 ardhi ilikuwa ya wakubwa zaidi ya mmoja: familia ya Pierrepont, ambao baadaye walipata cheo cha Earl Manvers, na upande mwingine Earl wa Scarbrough. Kufunga ua kulihitaji wenye mali wakubaliane nani apate wapi, nao hawakukubaliana. Mali ilipokuja kuwa ya mmoja, wakati ulikuwa umepita. Bei ya nafaka ilishuka vibaya mwishoni mwa karne ya 19, na hakuna aliyetaka kugharamia maili za ua kwa ajili ya mashamba yasiyolipa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Earl Manvers aliunganisha ngwe nyingi ndogo zikawa chache kubwa, ndiyo sababu leo hazifiki 200. Bila kazi hiyo sidhani kama ngwe zingestahimili trekta.

Ukitembea kijijini baada ya kuyajua hayo, unaanza kuona. Nyumba za wakulima ziko ndani ya kijiji, zimebanana kandokando ya barabara, nyingi zikiwa zimeupa mtaa ubavu wake mwembamba, na nyuma ya kila nyumba uwanja wake mrefu na maghala. Kwingineko Uingereza, baada ya ua kufungwa, mkulima alihamia katikati ya shamba lake jipya. Laxton hakukuwa na shamba la kuhamia. Ngwe zilikuwa kila upande, na mahali pa karibu na zote palikuwa hapo hapo katikati. Mtaa wenyewe ni matokeo ya makonde.

Karibu na baa kuna zizi dogo la matofali. Humo ndimo ilimofungiwa mifugo iliyokutwa ikizurura, na mwenye mnyama alilipa ndipo akaachiliwa. Katika nchi ya mashamba yasiyo na ua, ng'ombe mmoja aliyekatika kamba anaweza kula mwaka wa mtu, kwa hiyo zizi hilo lilikuwa na kazi kubwa. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli limepata mikono mingi: lilikarabatiwa na kufupishwa mwaka 1859 na 1860, likapoteza sehemu ya ukubwa wake wa zamani. Ndani wamelala akina Everingham kwa sanamu za makaburi, mojawapo ikiwa ya mwanamke, mke wa Adam de Everingham, iliyochongwa kwa mti wa mwaloni. Hakuna sanamu nyingine ya mti ya zama za kati katika mkoa huo. Mawe yapo mengi. Mti uliookoka minyoo na moto kwa miaka 600 na zaidi ni habari nyingine.

Na kuna jengo moja ambalo halihusiani na ngwe, ila haiwezekani mtu wa Afrika Mashariki aandike juu ya Laxton akaliruka. Mwaka 1995 familia ya Smith iligeuza nyumba yao pembezoni mwa kijiji kuwa kituo cha kwanza nchini humo cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Wakaiita Beth Shalom, nyumba ya amani kwa Kiebrania, na bustani yake imejaa mawaridi yaliyopandwa kwa kumbukumbu ya waliouawa. Ndugu wawili wa familia hiyo, Stephen na James Smith, waliona kazi haiwezi kuishia kwenye mauaji yaliyopita, wakaanzisha shirika la Aegis Trust. Shirika hilo, kwa kushirikiana na Jiji la Kigali, ndilo lililojenga Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari pale Gisozi, yaliyofunguliwa Aprili 2004, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Mtu aliyeshuka ngazi za Gisozi na kusimama mbele ya picha za watoto, kila mmoja na jina lake na chakula alichokipenda, amefikiwa na jambo lililoanzia katika kijiji hiki cha ngano.

Turudi kwenye vigingi. Wale wakulima wa Novemba ni wazee wa baraza walioteuliwa kukagua konde la ngano la mwaka huo. Wakimaliza shambani, hula pamoja kwenye baa, Dovecote Inn, kisha hukaa kuzungumza walichokiona na kupanga faini: huyu alilima hadi ndani ya njia, yule hakusafisha mtaro wake. Wiki inayofuata baraza lenyewe hukutana hapo hapo. Jina lake la kale ni Court Leet, mahakama ya mwinyi wa kijiji, na zamani kila kijiji chenye mwinyi kilikuwa na yake. Majina ya wenye wajibu wa kuhudhuria husomwa, faini hutangazwa. Kiasi chake ni kidogo, hakimfilisi mtu. Kinachouma ni kutajwa mbele ya wale utakaokutana nao kesho yake njiani, na pengine mwakani zamu ya kukagua ikawa yao tena.

Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyozivua mamlaka mahakama za namna hiyo zilizokuwa zimesalia nchini. Laxton ndiyo iliyoachiwa yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa bado inaendesha ardhi inayolimwa. Wenye mali wamebadilika: Earl Manvers aliiuzia Wizara ya Kilimo mwaka 1952, mwaka 1981 ikapewa shirika la mali za Taji, linalosimamia ardhi za ufalme, na mwaka 2020 ikauzwa kwa milki ya Thoresby, ambayo ndiyo nyumba ya kale ya ukoo wa Manvers. Wapo waliokuwa na hofu kila mali ilipobadilisha mikono, na mimi naielewa hofu hiyo, maana ngwe haziwezi kujitetea zenyewe mbele ya hesabu za faida. Hadi sasa baraza linakaa.

Kabla hawajatawanyika siku hiyo ya Desemba, huapishwa wazee wapya. Hao hawatakwenda kwenye konde lililokaguliwa wiki iliyopita. Kazi yao inangoja kwenye konde lililo mapumziko sasa hivi, ambalo vuli ijayo litafunguliwa na plau na kupandwa ngano.